Ndama wa Saa

Saa ninazokusanya huitwa kronografu: saa za mkono za kizamani, za Uswisi, zenye vitufe viwili ubavuni, kimoja cha kuanzisha na kusimamisha mshale wa sekunde, kingine cha kuurudisha kwenye sifuri. Zilitengenezwa kwa ajili ya marubani, madaktari na watu wenye nafasi. Mimi nina shahada ya uchumi na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Musinzira, Gitega, kwa hiyo huzipata zikiwa zimekufa. Kwa miaka minne nilikuwa nimepata mbili. Aliyezifufua ni fundi mmoja Mwislamu mwenye meza yake karibu na soko la Gitega. Huniita Lisansiye, kwa kuwa nilimaliza chuo kikuu na bado sina kazi ya kudumu.

Ni yeye aliyeniambia kwamba mzee mmoja wa Buhinyuza, upande wa Muyinga, alipita mezani kwake kubadilishiwa mkanda wa saa ya namna hiyo, na kwamba katika maisha yake ya ufundi hajaona nyingine kama ile. Wiki nzima nikawa najiuliza nimwambie mzee jinsi saa yake inavyotafutwa, au ninyamaze. Nikimwambia, hataniuzia. Nisipomwambia, nitakuwa mwizi mwenye shahada.

Nilishuka Muyinga mjini asubuhi, nikapanda pikipiki hadi Buhinyuza, na nilipofika kwa mzee nilikuwa nimesahau maneno yote niliyoyapanga njiani. Nikasema shikamoo tu, salamu ya sisi tuliokulia kambi za wakimbizi Tanzania. Akacheka, akaniuliza nilikulia kambi gani. Naye aliishi Tanzania miaka mingi, akiwa mganga msaidizi kambini, na tulizungumza muda mrefu juu ya foleni za maji na maharage ya mgao kabla hajavua saa na kunipa mkononi.

Ilikuwa saa ya daktari. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na pembezoni palikuwa na tarakimu ndogo nyekundu za kupimia mapigo ya moyo: unabonyeza kitufe, unahesabu mapigo thelathini, unabonyeza tena, na mshale unakuonyesha mgonjwa ana mapigo mangapi kwa dakika. Daktari aliyefanya naye kazi alimwachia siku ya kuagana. Majirani walikuwa bado wanakuja kwake kupimwa kabla ya kuamua kama waende kituo cha afya.

Akanishika kifundo cha mkono, akabonyeza, akahesabu, akabonyeza tena. Kisha akanisogezea saa.

"Nisomee hapo."

"Mia moja na kumi na mbili."

"Na umekaa. Umeiba kitu?"

"Bado," nikasema, na baada ya hapo nikamwambia yote: kwamba nakusanya saa, kwamba naitaka hiyo yake, kwamba huko Ulaya kuna watu wanazisaka saa kama hizi usiku na mchana. Akasema basi wagonjwa wa huko lazima ni wengi sana.

Halafu akaniambia kwa nini alitaka nimsomee. Macho yake yalikuwa hayazioni tena zile tarakimu nyekundu. Kwa miaka miwili alikuwa anabonyeza, anahesabu, kisha anakisia.

"Mgonjwa hajui," akasema. "Mimi najua."

Kitu alichopewa hakiuzi, akaniambia. Lakini angeweza kunigabia, kama ng'ombe anavyogabiwa. Kwetu mtu akikugabia ng'ombe humlipi. Ng'ombe akizaa, unamrudishia ndama, na hapo ndipo ng'ombe anakuwa wako kweli. Nikamwuliza saa itazaa nini. Akasema mimi ndiye niliyesoma.

Nikarudi Gitega na saa niliyoitaka kuliko kitu chochote, na sikuivaa. Niliifunga kwenye leso. Niliwaza gunia la mchele, nikaona hayo ni malipo. Niliwaza ile mashine ya duka la dawa inayobana kidole na kuhesabu mapigo yenyewe, nikawaza betri zikiisha Buhinyuza nani atazileta. Baada ya wiki tatu nikaamua kujikata mahali panapouma: nikachukua iliyo bora kati ya saa zangu mbili, nyembamba, ya dhahabu, nikampelekea.

Mzee aliigeuza, akaisogeza karibu na jicho, akamwita mkewe aje aione. Wote wawili waliisifu. Kisha akanirudishia.

"Mzuri, mwanangu. Lakini huyu ni dume."

Mkewe alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharage. Mimi, mjukuu wa wafugaji, nilikuwa nimesahau kwamba ndama anayerudishwa ni jike, ili maziwa yasikatike nyumbani kwa aliyetoa. Ile dhahabu ilikuwa nzuri kwangu. Kwake ingekuwa tarakimu nyingine asizoziona.

Nilimsimulia fundi nikitegemea anionee huruma.

"Lisansiye, we iko nawaza mingi," akasema bila kuinua kichwa. "Ule muzee anataka kuona. Ni ile tu."

Akavuta droo, akatoa saa kubwa ya kupimia mbio, ile ambayo mwalimu wa michezo huning'iniza shingoni, pana kama kiganja. Akaifungua kioo. Kazi yangu ilikuwa kunakili kipimo cha saa ya mzee kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa nyekundu. Sekunde kumi na nane, mapigo mia. Sekunde ishirini, tisini. Nilikokotoa kila moja upya, na nilichora uso ule mara nne, nikiogopa kwamba kosa langu moja litamfanya mtu mwenye afya aitwe mgonjwa, au mgonjwa arudishwe shambani. Fundi aliniambia ile ya kwanza ilikuwa bien, nzuri tu, na ya nne pia iko bien, sasa nimwachie meza yake. Akaibandika, akafunga kioo, akatia ufunguo.

Siku nilipoipeleka, mzee alikuwa na mgonjwa ndani, bibi wa jirani aliyekuwa na homa tangu juzi yake. Mzee aliipokea saa, akaipima uzito, akabonyeza mara mbili kuisikiliza, kisha akashika mkono wa bibi. Nilisimama mlangoni nikihesabu naye kimoyomoyo. Alipobonyeza mara ya mwisho hakumgeukia mtu yeyote.

"Tisini na nne," akasema.

Bibi akamwambia leo hakukunja uso akiisoma saa. Mzee aliiangalia tena ile saa, akaivaa shingoni, akaiingiza ndani ya shati.

"Mbona huvai saa yako?" akaniuliza.

Nikaitoa kwenye leso na kuivaa. Mkanda ulikuwa umezoea mkono mnene kuliko wangu, ikanibidi nitumie tundu la mwisho. Mzee akasema sasa nitoke nje, kwa sababu maneno ya mgonjwa hayamhusu mgeni. Nilikaa kwenye benchi na mkewe, tukachambua maharage, na kwa mara ya kwanza tangu niijue saa ile sikuwa na swali lolote la kujiuliza.