Mwavuli Uliofungwa

Mimi niliishia darasa la nne, na leo nina stoo mbili Guangzhou. Nalisema mapema ili msomi asije akanidharau. Wenye digrii zao wanapotea kwenye masoko ya Zhanxi mchana kweupe. Mimi nilishuka treni na begi moja, na sasa mizigo ya Dar, Nairobi na Kampala inapita mikononi mwangu. Kichina cha kuandika sikijui, lakini boksi nalisoma. Nikilinyanyua tu najua kama ni viatu au mikoba ya ngozi kutoka mji wa Shiling.

Kwa kuwa herufi zinanisumbua, wateja wangu niliwapa alama za picha. Mmoja jogoo, mwingine sufuria, mwingine ngazi. Mtu akinunua nguo soko la Shisanhang anamwonyesha mwenye duka picha yake kwenye simu, inachorwa kwenye boksi kwa maka peni, boksi linaletwa kwangu, nami naliweka kwenye rundo lake. Sijawahi kupoteza boksi. Wala sijawahi kulikataa.

Mwavuli ulikuwa wa dada mmoja wa Kenya, muuza magauni. Zamani walikuja wawili, yeye na mumewe, mwanaume mcheshi mwenye sauti ya chini. Baadaye akawa anakuja peke yake. Safari moja alikaa kwenye kiti changu, akatoa karatasi ndani ya pasipoti.

"Mzee, hii ni amri ya korti. Siku ile mume wangu alinielekezea bastola mbele ya watoto, nilienda kwa hakimu. Bastola polisi wamechukua. Asinikaribie, asinipigie, asinitumie mtu. Na asiwe na silaha yoyote, hata panga la shamba."

"Hata kisu cha nyama?"

"Nyama atakatiwa na mamake." Akacheka, kisha akaacha. "Nakuonyesha kwa sababu mzigo wangu uko kwako. Akikupigia, hunijui."

Nikamwambia aondoe shaka, Guangzhou hii hapiti mtu bila mimi kujua. Niliyasema hayo nimesimama, mikono kiunoni.

Miezi ikapita. Siku chache kabla hajaja tena, maboksi ya mwavuli yakaanza kuingia. Moja kila asubuhi, saa tatu kamili, na kila siku mletaji mwingine. Yalikuwa mepesi mno. Nilinyanyua la kwanza, na mkono wangu haukujua kilichomo. Lilikuwa laini kama nguo, lakini ukiliinamisha kitu kinateleza taratibu na kugonga upande wa pili. Nilisimama pale nikiliinamisha huku na huku, kama mtu anayebembeleza mtoto, nikisikiliza.

Na mwavuli wenyewe haukuchorwa kwa maka peni. Ulikuwa umechapwa kwenye karatasi na kubandikwa, tena umefungwa. Wa dada siku zote ulikuwa wazi, una mbavu nane. Huu ulikuwa mstari mmoja mrefu wenye ncha chini.

Yalipofika manne nikayapanga vizuri, nikasema biashara ya dada imekua, na aliyemkuza ni mimi.

Dada alipofika kufunga mzigo, alipita kwenye rundo lake akigusa boksi moja moja. Kwenye yale manne mkono wake ukarudi.

"Haya si yangu."

"Dada, yana mwavuli wako."

"Huu ni wake. Tulipoanza alikuwa anauchora hivi, mimi namwambia fungua, tutanyeshewa."

Nikachana selotepu ya la kwanza. Gauni jekundu, limekunjwa kwa adabu, la saizi yake hasa. Ndani ya gauni, kisu kirefu chenye makali pande mbili. La pili, gauni la bluu na kisu. La tatu. La nne. Kila gauni lilifungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na kisu kimelazwa ndani, upande wa kushoto.

Nje wasukuma mikokoteni walikuwa wanagombana kama kawaida yao.

"Mzigo unaenda stoo yangu Nairobi," akasema polepole. "Sijabadilisha kufuli, na funguo bado anazo. Ataingia achukue. Na watu wa forodha wakivikuta, makaratasi yana jina langu."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mumewe. Dada akaniashiria nipokee, nikaweka sauti ya wote kusikia.

"Laoban, bosi wangu! Mfalme wa Guangzhou! Vitu vya bibi yangu vimefika?"

"Vitu gani?"

"Vinne. Cha tano kiko njiani." Nikasikia anavyopumua. "Amefika? Ulisema Jumatano. Mwambie ayajaribu magauni yote, asiache kifungo."

Akakata. Dada hakuwa anaitazama simu. Alinitazama mimi.

"Ulisema Jumatano?"

Ndiyo, nilisema. Mumewe alikuwa amenipigia wiki mbili nyuma, akaniambia hajaona mtu aliyeanza chini akafika nilipofika. Nami nikamjibu kwamba mkewe sasa anajaza nusu kontena kwa msaada wangu, na anatua Jumatano. Karatasi ya korti nilikuwa nimeisahau. Hapana, sikuisahau. Niliona mtu anayenisifu vile hawezi kuwa mbaya.

Pale pale dada alimpigia ndugu yake aliyeko Nairobi, kufuli zikabadilishwa siku ileile. Visu tukavipeleka polisi, wakavichukua, wakanihoji mpaka jasho likanitoka, maana sahihi za kupokea zilikuwa zangu. Boksi la tano halikuletwa. Kisha dada akaniwekea karatasi tupu. Korti ya kwao ilihitaji ushahidi wangu.

Nikaandika kwa herufi kubwa: maboksi, magauni, simu. Akasoma.

"Jumatano haipo."

"Hilo tuliruke, dada. Mimi nina jina hapa."

"Ukiliruka, atasema mimi ndiye nilimwambia siku ya safari. Atasema tunaongea vizuri tu, na visu niliagiza mimi. Nani atanilinda tena?"

Kubeba marobota mgongoni ngazi za Shisanhang kulikuwa rahisi kuliko mstari ule. Nikaandika: MIMI NDIYE NILIYEMWAMBIA. Nikaweka sahihi na dole gumba.

Mahakamani ushahidi wangu ulisomwa wote. Mwanaume akawekwa ndani kwa muda, kisha akatoka, na amri ikaongezwa. Dada akanitumia ujumbe wa kushukuru, na chini yake mstari mwingine: mzigo wangu sasa napitisha kwa mtu mwingine, usiulize nani.

Mume bado hunipigia, saa tatu asubuhi, kwa namba ngeni. Haniiti mfalme tena. Anapumua, kisha anauliza mkewe anapitisha wapi mzigo siku hizi, na anatua lini. Namjibu sijui, nakata, naripoti namba. Na kweli sijui. Dada hakuniambia, na alifanya vizuri.