Swichi Iliyomeza Sauti ya Dada Zamda

Cheti cha chuo sikuwa nacho. Mwalimu sikuwa naye, wala kompyuta mpya, wala macho ya kukodolea kioo kutwa. Nilikuwa na masomo ya jioni na ubishi wangu tu.

Hivyohivyo nikaunda programu. Nayo ikameza sauti ya marehemu dada yangu.

Msinicheke kwanza.

Ilikuwa ya kurekodi wazee wa hapa Tabora wakisimulia habari za babu zetu, wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Ndani yake kuna kivinjari, kilekile cha intaneti. Unapokiwasha unakipa amri fupi zenye vistari viwili mbele: jaza kioo chote, usiulize ruhusa ya maikrofoni. Ndizo swichi.

Dada Zamda alisimulia asubuhi nzima. Fundi Majidi, mwenye duka la kompyuta, ndiye aliyemrekodi. Mimi nilikuwa msibani Goweko. Haukupita muda, dada akafariki.

Binti yake, Najiat, akapiga simu kutoka Urambo.

"Shikamoo mjomba. Kwenye arobaini nataka tumsikie mama."

"Marahaba. Utamsikia mpaka uchoke!"

Nikafungua programu. Patupu. Hata kikohozi hakuna!

Nikamfuata Majidi dukani. "Umemfanya nini dada yangu?"

"Mzee Sadiki, punguza jazba." Akanionyesha mstari wa kuwashia programu. Mwishoni palikuwa na swichi ambayo sikuiweka mimi: --incognito.

"Si ni ya kuficha mambo, mzee?"

"Kuficha nini, bwana wee! Ukishafunga, inafuta kila kitu!"

Majidi akakaa chini kama gunia.

"Dada yako alitaka mwenyewe ifichwe," akasema. "Alisema babu yenu hakuwa mpagazi huru. Alinunuliwa Ujiji, mtoto mdogo. Akaniambia, 'Sadiki asisikie nikiwa hai, atanigombeza. Nikifa, mpe.'"

Nikamsogelea.

"Na jina la babu? Kwao wapi?"

"Hapo nilitoka nje, mzee. Mambo ya ukoo, mimi mtu baki nisikilize vipi?"

Adabu yake ikanimaliza kabisa.

Ndugu zangu, amri usiyoijua usiikabidhi sauti ya mtu. Na mtu wako akikuficha jambo, jiulize umemtisha na nini.

Ningeweza kumwambia Najiat kompyuta imeungua. Nikamwandikia yote, hata la Ujiji. Nikailamba bahasha, nikaifunga, nikamkabidhi kondakta wa basi la Urambo.