Mistari Miwili ya Ilunga

Siku nilipoanza kazi, getini mwa kampuni tulikuwa wanne: mkuu wa wafanyakazi, ambaye sote tulimwita Chef; mlinzi wetu Baba Kabwe; Ilunga, kibarua wa kuunga mabomba; na mimi Mujinga, msichana wa miaka kumi na saba. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule ili wadogo zangu wanne waendelee kusoma.

Kazi yangu ilikuwa pointage, yaani kuandika mahudhurio. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake, na kila siku ya kazi ilikuwa mstari mmoja.

“Unaandikaka na crayon, hapana bic,” Chef aliniambia, akinipa penseli na kuweka kando kalamu ya wino. “Bic iko na kichwa nguvu.”

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Kibarua akitimiza siku ishirini na mbili ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu, hata kama hana karatasi. Kwa hiyo kampuni yetu iliwarudisha watu nyumbani kwenye siku ya ishirini na moja. Wakipumzika vya kutosha, waliitwa upya.

Mwaka mmoja pampu kubwa iliharibika, na aliyejua kuunga bomba lake alikuwa Ilunga peke yake. Hakurudishwa. Kila asubuhi alichungulia dirishani kwangu, akiniita Yaya, yaani dada, kwa heshima.

“Yaya, niko na ngapi? Nikifika makumi mbili na tatu, utaniita Monsieur!”

Alifika. Nilichora mstari, nikamwita Monsieur, tukacheka. Jioni ile pampu ilinguruma tena, na Chef akafungua kitabu.

“Toa mistari mbili.”

“Chef, alitumika kazi. Minye mwenyewe nilimuona.”

“Badogo yako iko ngapi?”

“Bane.”

“Basi batakula mistari?”

Nilifuta.

Ilunga alishtaki, na mkaguzi wa kazi akaja. Alitazama ukurasa, akaniuliza mbele ya Ilunga kama ulikuwa wa kweli. Nilijibu, “Ni vile kitabu inasema.” Ilunga hakunitukana. Alisema tu, “Yaya, uko na batu ba kulisha. Na minye vilevile.” Akaondoka bila notisi wala cheti, akaenda kulima mahindi Kapolowe.

Mimi nilipandishwa hadi ofisi ya mjini, chini ya Directeur aliyependa karatasi safi. Huko niliandika mikataba ya watu wengi: jina, aina ya kazi, mahali, mshahara, muda, siku ya kuanza. Kila mmoja nilimwambia kwa sauti ndogo achukue nakala yake, na siku zake aziandike mwenyewe nyumbani. Nawaambia na ninyi vijana. Lakini kuwaonya mia hakukumrudishia yule mmoja kitu.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wote walimaliza shule. Mmoja ni muuguzi. Hawajui habari ya ile mistari miwili.

Mwaka huu niliandika ushuhuda, kwa bic, kwamba Ilunga alifanya kazi siku ishirini na tatu na kwamba mimi ndiye niliyefuta. Kijana wa ofisi ya ukaguzi aliusoma, akanieleza kwa heshima kwamba muda wa kushtaki ulikwisha zamani. Karatasi hii haitampa Ilunga kitu.

Hata hivyo anastahili kuyasikia haya kinywani mwangu, mbele ya watoto wake. Magari ya Kapolowe hutoka hapa Likasi kila asubuhi. Mara mbili nimefika kituoni na bahasha ya ushuhuda mkononi. Bado sijapanda.