Nyasi za Ngitili

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya Sapiwi, mama alibeba mbegu za ngogwe, nyanya chungu za bibi yake, ndani ya kibuyu. Kiangazi akazisia zote nyuma ya nyumba mpya. Miche ikaota, kibuyu kikabaki kitupu. Ikifa, mbegu ile imekwisha.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri barua ya kupangiwa kazi.

"Wewe umesoma," mama akaniambia. "Nitafutie kitu cha kufunika udongo. Jua linaniunguzia miche."

Nilichukua siku nne kuchagua. Mabua ya mtama yangeleta mchwa. Miti ya pamba ilikuwepo tele, lakini sheria ilitaka ing'olewe na kuchomwa kwa sababu ya wadudu, nami nilimwogopa bwana shamba. Pumba za mpunga zilipatikana Mkula, ila upepo ungezipeperusha, pengine hadi kwenye uji wa jirani.

"Umepata?" mama aliuliza kila jioni.

"Bado naangalia, mayu."

"Angalia upesi. Ngogwe hazijui kusubiri wasomi."

Siku ya tano nilikwenda kwa mjomba, kwenye ngitili yake, nyasi anazozifungia tangu masika ili ng'ombe wapate malisho kiangazi.

"Za kufunika mboga?" aliuliza mara mbili.

"Ndiyo, mjomba."

Akacheka. "Haya, msomi. Kata."

Nilizitandaza nene. Jioni mama aliingiza kidole chini yake, akakuta unyevu, akatabasamu.

Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni ilipita nyuma ya nyumba zetu zilizopangwa mstari. Nilikuwa nimefikiria mchwa, sheria na upepo. Ng'ombe sikuwafikiria, mimi niliyewachunga utoto wote.

Kesho yake mchana walikuja, wetu wenyewe wakiwa mbele, baba nyuma kabisa ya kundi. Walikuwa wamekula vumbi wiki nzima. Nilimfukuza mmoja kwa fimbo, watatu wakaingia upande wa pili. Ndimi zao zilizoa nyasi na miche pamoja. Mwishowe nilisimama katikati, nikiwatazama wakitafuna.

Mama alipofika na mtungi wa maji, baba alikwisha kuwaondoa. Ilibaki miche mitatu, mmoja umelala.

"Naweza kwenda Bariadi," nikasema, "niombe maranda kwa seremala. Au labda majani ya migomba, ingawa..."

"Hiyo mitatu usiiguse."

Mama akausimamisha ule uliolala, akaumwagilia, kisha akaketi upande wa jua ili kivuli chake kiifunike. Nilibaki nimesimama na fimbo, nikijiuliza kama niitupe au niendelee kuishika.