Debe Lililokosa Kitambaa

Kazi yangu ilikuwa kuondoa vitu kwenye nyumba za watu wanaohama. Niliianzia Mbeya, miaka ile ya sabini reli inajengwa na maofisa wanahamishwa kila mara, leo mtu yuko mjini kwenye baridi, kesho kapelekwa Chunya kula vumbi. Ofisa akihama anabeba kitanda na redio, mengine anaacha. Hayo mengine ndiyo yangu. Nilipoolewa Iringa nikaja na kazi yangu, kama mwingine anavyokuja na mbuzi.

Sikutupa kitu. Chupa zilikwenda kwa wauza asali, makopo kwa fundi bati akayageuza vibatari, magazeti kwa wauza karanga, majivu ya jikoni nikamwaga kwenye vinyungu, bustani zangu za kule bondeni, na mboga zilinenepa. Misumari iliyopinda niliinyoosha kwa jiwe. Mume wangu alisema siku nikizikwa nitainuka kuuliza kama sanduku litatumika tena. Alikuwa mvivu wa jembe, Mungu amrehemu, lakini mdomo wake haukuwahi kulala njaa.

Shule nilikaa madarasa mawili, kisha nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Maandishi ya kwenye makopo niliyaona kama nyayo za kuku. Kwa hiyo nilijiwekea sheria. Chombo kilichobeba sumu nakifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio. Chenye kitambaa hakiuzwi kwa mtu wa chakula, kinapasuliwa kuwa bati la kuezekea choo. Kisicho na kitambaa ni salama. Sheria nyepesi, hata mtoto angeishika, na kwa miaka mingi niliishika.

Sasa kuna Mzungu mmoja wa tumbaku aliondoka shambani kwake nje ya mji, nikaitwa kusafisha stoo. Mtunza stoo alinionyesha madebe matatu, akaniambia haya yalikuwa ya dawa ya kunyunyizia tumbaku, niwe mwangalifu. Nikachana kipande cha shuka jekundu, nikafunga yote matatu. Halafu nikayasugua pamoja na madebe ya mafuta ya kupikia, kwa majivu na mchanga, mpaka yakang'aa na harufu ikaisha. Kusugua nilikuwa najua. Hilo nalisema bila aibu, ingawa ndilo lililoniponza.

Wiki ile ile alikuja mama mmoja kutoka Kilolo. Mtu wa kanisa, mpole, mtoto wake anapata kipaimara Jumapili, akataka debe zuri la kuwekea togwa ya wageni. Alichagua mwenyewe. Akaniuliza lilikuwa na nini. Niliangalia mshikio, hauna kitambaa, nikamwambia, "Mafuta tu, dada." Akajitwika akaenda zake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natoka na kikapu. Mume wangu amekaa kizingitini anaota jua, akaniuliza, "Hicho kikapu nacho kina sumu?"

Nikacheka. Kisha nikaangalia kilichofunga mkono wa kikapu: kitambaa chekundu.

Mkono huo ulikuwa umekatika siku chache nyuma, nami nikatafuta cha kuufungia. Kamba ipo, lakini kamba naihifadhi. Kitambaa nikakiona kinaning'inia kwenye debe, kizuri, hakina kazi, nikakifungua. Ndivyo nilivyokuwa. Macho yangu yakiona kitu kimekaa bure, mkono unakwenda wenyewe. Nilikifungua huku nawaza bei ya ulezi, sikukumbuka tena.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Madebe yenye vitambaa yalikuwa mawili.

Nilishuka mpaka Ipogolo karibu nikimbie, maana malori ya Kilolo huanzia pale. Lori lipo, dereva hayupo, anakunywa chai. Amemaliza chai, anasubiri abiria. Abiria wamejaa, anasubiri magunia ya chumvi ya mtu fulani. Nilipanda nikashuka, nikapanda nikashuka, mpaka utingo akaniambia, "Mama, tulia, Kilolo haihami." Nilitamani kumwambia kilichokuwa tumboni mwangu, nikashindwa. Ningeanzaje? Kwamba nimeuza sumu kwa watoto wa kipaimara kwa ajili ya mkono wa kikapu?

Njiani dereva alisimama kununua viazi. Akasimama tena kununua kuku. Kilima cha mwisho, lori likaanza kutoa moshi, nikashuka nikapanda kwa miguu, na ukungu na tope la huko, viatu mkononi. Jina la yule mama silijui. Niliuliza tu kila niliyekutana naye: mama aliyepita na debe linalong'aa kichwani. Wote walilikumbuka. Mmoja alisema lilimpiga macho kama kioo.

Nilipofika uani kwake, wanawake wanamenya viazi, na debe limekaa chini ya ukuta, limefunikwa kawa. Niliwasalimu "kamwene" nikasahau kusubiri jibu. Nikamwambia mbele ya watu wote lile debe lilibeba dawa ya tumbaku.

"Uliniambia mafuta," alisema.

"Nilikosea."

"Unakoseaje sumu?"

Nikaeleza habari ya kitambaa, nikaonyesha kikapu. Ndipo mama mkwe wake, bibi mzee aliyekaa karibu na moto, akasema togwa yeye ameshaionja, upawa mmoja, kuona kama imechachuka, na imechachuka vizuri, sisi tuna kelele gani?

Sikuondoka pale. Mtu alitumwa kwa mganga wa zahanati, akaja na baiskeli, akampima, akasema asiachwe peke yake. Nilikaa naye mchana kutwa nikihesabu pumzi zake. Jioni kichwa kikamuuma, akatapika mara mbili. Mimi natoka, naingia, nakaa, nasimama. Bibi akasema, "Huyu mtu wa Mbeya atanikanyaga kabla sijafa." Alfajiri akaomba ugali. Nikatoka nje nikalia kwenye migomba.

Togwa hatukuimwaga ovyo. Chini kule kuna kijito na vinyungu vya watu, na nguruwe wanazurura. Tulichimba shimo juu, mbali na maji, mpaka kiunoni, mimi na yule mama. Nikachukua patasi na nyundo nikatoboa debe. Mimi, niliyenyoosha misumari. Kila tundu lilinichoma. Na bado sikutulia, maana nilimjua fundi bati wangu, angeziba matundu ishirini kwa risasi ya kuchomelea na debe likauzwa tena. Nikaliponda kwa jiwe likawa kama chapati, tukalizika na togwa yake.

Yule mama hakunitukana hata mara moja. Tulipokuwa tunafukia alisema tu, "Dada, hicho kitambaa ulikuwa na shida nacho kiasi hicho?"

Nilikifungua kwenye kikapu, nikakifunga kwenye kijiti, nikakichomeka juu ya shimo. Nikarudi Iringa nimekikumbatia kikapu kifuani.

Lakini nyumbani usingizi ulikuwa wa vipande. Nikiona tu mtu na debe, namsimamisha kumuuliza lilibeba nini. Mwaka uliofuata nikapanda tena lori, hakuna aliyeniita, kwenda kuangalia tu. Kijiti kilikuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Kuna mtu alikiona kimekaa bure.

Nilikuwa nimejifunga kilemba kipya, cha bluu. Nikakivua, nikakichana katikati, nikafunga vipande vyote viwili kwenye kijiti, kimoja kikichukuliwa, kingine kibaki.