Nyayo za Mzungu Kibanjani kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba Mzungu akikimbia, kila anapokanyaga panakuwa pa Serikali. Nimelikumbuka hilo juzi, nilipoona vijana wenye viatu vya rangi wakikimbia kilimani Kagondo huku wakipiga soga.

Mzungu wetu hakupiga soga. Alitokea jioni upande wa ziwa, mwekundu kama kahawa mbivu, akihema kama ng'ombe kumi, akapita katikati ya kibanja cha bibi, shamba lililoizunguka nyumba yake, chini ya migomba. Mimi na binamu yangu Koku tulichungulia nyuma yake. Hakuna nyoka, hakuna chui, hakuna anayemfukuza! Basi, anapima shamba.

"Futa upesi, kabla hajarudi kuhesabu!" alisema Koku.

Tukapiga magoti, tukafuta nyayo kwa majani makavu ya migomba, labda nyayo elfu moja. Udongo ulinukia mvua, nami nilikuwa nalia, maana bibi angekwenda kuishi wapi? Mara Mzungu huyo, anarudi! Akatuona, akatuzunguka kwa adabu, akaacha nyayo nyingine mpya.

Nilimkimbilia mjomba, aliyekuwa mpishi wa Mzungu huyo.

"Waitu mjomba," nilimwita kwa heshima ya Kihaya, "kibanja cha bibi kimechukuliwa!"

Mjomba alicheka mpaka akaketi chini.

"Hapimi kitu, mpwa wangu. Kutwa nzima amekaa kwenye kiti ofisini. Jioni anakimbia ili miguu nayo ipate kazi, kwa kuwa hana shamba la kulima."