Damu ya Siku ya Saba

Kazi yangu ilikuwa kutoboa vidole vya watoto. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nilikuwa nimefundishwa kutumia hadubini katika hospitali moja ya pwani. Daktari mmoja wa Nairobi aliyekuwa akifanya utafiti wa malaria alikuja kutafuta mtu wa kumsomea damu kule Voi. Wenzangu wote walitaka kubaki Mombasa. Mimi nilikuwa Mtaita, na yeye akadhani Voi ni kwetu.

Voi haikuwa kwetu. Kwetu ni juu, upande wa Wundanyi, ambako ukungu hukaa kwenye migomba hadi saa nne asubuhi na mtu hulala na blanketi mbili. Mbu tuliwajua kwa nadra. Mama aliposikia kwamba ninashuka kwenda kuishi kule kwenye joto alinifungia sweta, kisha akaona kosa lake, akaitoa na kuirudisha sandukuni kwake.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Katika shamba moja kubwa la mkonge nje ya mji, wafanyakazi waliishi kwenye laini, zile nyumba za mawe zilizopangwa safu safu. Mtoto mwenye homa aliletwa katika chumba nilichopewa kando ya zahanati ya shamba. Nilimtoboa kidole, nikapaka tone la damu kwenye slaidi, kile kipande chembamba cha kioo, nikalitia rangi, nikatazama. Nikiona vijidudu vya malaria, mama alipewa vidonge vya klorokwini vya siku tatu akampe mtoto nyumbani. Alimrudisha siku ya tatu, na mara ya mwisho siku ya saba. Siku ya saba damu ilipaswa kuwa safi. Kulikuwa na minong'ono kutoka sehemu nyingine kwamba dawa hiyo, ambayo sote tuliitegemea kama tunavyotegemea chumvi, ilikuwa inaanza kushindwa. Daktari alitaka kujua, ingawa hakuamini sana. Alikuja kila baada ya wiki mbili, akachukua fomu na slaidi, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda.

Mwezi wa kwanza watu walinipokea vizuri. Halafu likaingia neno mumiani. Nadhani mtu aliona sanduku langu la mbao likipakiwa kwenye gari la daktari, akauliza lina nini, akaambiwa ni damu. Hilo lilitosha. Wazee walikuwa na hadithi za tangu enzi za wakoloni, za watu wanaowanyonya wenzao damu na kuiuza ikatengenezwe dawa. Sasa mumiani alikuwa amekuja na koti jeupe na anazungumza Kidawida, lugha yetu Wataita.

Watoto waliponiona walikimbilia ndani. Wanawake waliokuwa wakiteka maji kwenye mfereji walinyamaza mpaka nipite. Kanisani Jumapili benchi nililokalia lilibaki na nafasi kubwa upande wangu wa kushoto na wa kulia, hata siku ambazo watu walisimama nyuma. Nilijifunza kuingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza na kutoka kabla ya baraka.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la bibi mmoja mjane, Mswahili wa pwani, mtu mpole aliyenitumia mihogo Ijumaa. Siku moja naye aliniita barazani kwake.

“Mwanangu, nakuuliza kwa wema. Damu hiyo yenda wapi?”

Nikamweleza yote, hadi ukubwa wa tone lenyewe, kwamba ni dogo kuliko kunguni aliyeshiba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

“Nimekufahamu,” akasema. “Lakini wajukuu wangu usiwaguse.”

Mihogo iliendelea kuja. Ila ililetwa ikaachwa mlangoni.

Kulikuwa na mama mmoja tu katika laini ambaye hakunikwepa. Alikuwa Mkamba, mrefu, mwenye mikono iliyokakamaa kwa kuanika nyuzi za mkonge kwenye nyaya kutwa nzima. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwingine, na habari zake zilikuwa zimekatika. Alikuwa na binti wa miaka minne. Mtoto huyo alikuwa na desturi yake: kabla sijakishika kidole chake, alishika changu kwanza, akakikagua, kisha akanipa chake. Mama yake alicheka kila mara. Baada ya kazi yake alipita chumbani kwangu na mahindi ya kuchemsha, tukala pamoja mlangoni, kila mtu aone. Nadhani alifanya hivyo makusudi. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniuliza kama kwetu kuna baridi kweli ya kutoa moshi mdomoni, nami nikamuuliza habari za kwao. Wiki nzima yangu niliipima kwa mahindi hayo.

Baada ya mvua za vuli mtoto wake akashikwa na homa. Damu ilikuwa imejaa vijidudu. Tukampa vidonge, na siku ya tatu alikuwa akicheza. Siku ya saba nikaweka slaidi yake kwenye hadubini na nikaviona tena, vichache, kama pete ndogo za zambarau, hapa kimoja na pale kimoja.

Daktari alikuwapo siku hiyo. Nilimwambia. Alitazama fomu, hakutazama slaidi. Akasema akina mama hawatoi dawa yote, kwa sababu ni chungu, mtoto akitema wanaacha, au wanaweka vidonge vingine akiba kwa siku nyingine. Alisema ni jambo la kawaida katika kazi hii, na akaniagiza nizungumze na mama huyo.

Ningeweza kungoja jioni, tukiwa wawili. Sikungoja. Mlangoni kulikuwa na foleni ya wanawake kama tisa, waliokuja zahanati, na daktari alikuwa nyuma yangu akinywa chai yake. Nikatoka na fomu mkononi.

“Mama, mtoto hukumpa dawa.”

“Nilimpa, sista. Nilimpa yote.”

“Damu haidanganyi,” nikasema.

Sentensi hiyo niliisikia darasani kwa mwalimu wangu, na siku hiyo niliitoa kwa sauti ya mwalimu. Wanawake waligeuka kumtazama. Mtu mmoja akaguna. Mama mwenyewe akampakata mtoto, akapokea vidonge vipya na kwenda zake. Kwenye fomu, mahali pa maelezo, niliandika kwamba mama hakutoa dawa kama alivyoelekezwa.

Mahindi hayakuja tena. Nilijiambia kwamba amekasirika na hasira zitapita.

Majuma mawili baadaye mtoto alipata homa tena, na mama yake hakumleta kwangu. Hilo nililijua baadaye, kwa mlinzi wa zahanati. Alikaa naye nyumbani siku mbili, akimpa vidonge vilevile vya klorokwini, alivyonunua dukani, akimhesabia kimoja kimoja, kwa sababu hakutaka kuja kuambiwa mbele ya watu kwamba anamnyima mtoto wake dawa. Siku ya tatu mtoto alianza kutetemeka na kugeuza macho. Wakampeleka hospitali mjini kwa trekta la shamba. Huko walimwekea kwinini ya maji mshipani, lakini walikuwa wamechelewa.

Sikwenda mazishini. Nilivaa, nikafika hadi mwanzo wa laini, nikasikia wimbo wa Kikamba, nikarudi.

Kuanzia wiki hiyo nilibadilisha kazi bila kumwuliza mtu. Sikumpa mama yeyote vidonge vya kwenda navyo. Nilivisaga mwenyewe, nikavichanganya na sukari, nikamnywesha mtoto na kukaa naye kwa saa nzima nikimtazama mdomo. Akitapika, nilirudia. Nilifanya hivyo siku zote tatu, hata Jumapili. Baadhi ya wanawake walikubali kwa kuwa kwangu dawa ilikuwa bure, na baadhi kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mtoto wa kwanza damu yake ilikuwa safi siku ya saba. Wa pili pia. Wa tatu, mvulana wa Kasigau, nilikuwa nimemnywesha kwa mkono wangu mwenyewe na sikutoka kando yake. Siku ya saba niliviona. Nikafuta lenzi, nikaviona. Nikatia rangi slaidi nyingine ya damu yake, na vilikuwemo.

Nje trekta lilipita na mzigo wa majani ya mkonge, na harufu yake kali ikaingia dirishani. Nilikuwa najua jambo ambalo pengine hakuna mtu mwingine kati ya hapo na Mombasa alilijua kwa macho yake, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Mtu pekee ambaye ningemkimbilia nilikuwa nimemwita mwongo.

Nilimwandikia daktari. Alikuja baada ya siku nne, na safari hii aliketi. Alizitazama slaidi asubuhi nzima, moja baada ya nyingine, na chai yake ikapoa. Wakati huo waliobaki na vijidudu walishakuwa watoto watano. Alipoinua kichwa alikuwa na alama ya hadubini kuzunguka macho.

“Nilidhani umesoma slaidi vibaya,” akasema. “Samahani.”

Nikamwambia habari za yule mtoto wa mama Mkamba, na kwamba fomu yake niliyoandika mimi si ya kweli, irekebishwe. Akaniuliza kama nilimwona mtoto akimeza. Sikumwona. Basi, akasema, haiwezi kurekebishwa. Maandishi ya utafiti hayabadilishwi baada ya kuandikwa kwa sababu ya huruma, na kama tungeanza kufanya hivyo hakuna ambaye angetuamini hata kuhusu wale watano. Najua alisema kweli. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, na ningemjibu kijana yeyote hivyo hivyo.

Jioni ile nilikwenda kwenye uwanja wa kuanikia. Yule mama alikuwa akikusanya nyuzi zilizokauka, akizibeba begani kama nywele za mzee. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia kwamba dawa ndiyo iliyoshindwa, kwamba yeye alimpa mtoto dawa yote, kwamba nimeiona kwa watoto wengine kwa macho yangu. Nikamwomba msamaha.

Aliendelea kukusanya hadi akamaliza waya mzima.

“Sasa hiyo unaniambia, mimi nifanye nayo nini?”

Nikaokota nyuzi zilizomwangukia, nikampa.

“Wale uliwaambia siku ile,” akasema, “ndio uwaambie.”

Jumatatu iliyofuata niliwangojea wanawake wajae mlangoni. Yeye hakuwapo. Nikasema kwamba mama fulani wa laini ya tatu alimpa mtoto wake dawa yote, na mimi nilisema uongo juu yake nikiwa sijui, na kwamba dawa yenyewe haiui vijidudu kwa baadhi ya watoto. Kisha mwanamke mmoja mtu mzima, Mtaita wa Sagalla, akaniuliza kwa Kidawida, polepole, kwa nini basi bado ninawapa watoto wao dawa isiyofanya kazi.

Nilijibu kwamba kwa wengi bado inafanya kazi, na kwamba wakiona homa inarudi waende hospitali siku hiyo hiyo. Lilikuwa jibu sahihi. Wiki hiyo waliokuja walikuwa wachache kuliko siku zote, ila wawili kati yao waliwaleta watoto wao mapema, homa iliporudi, na watoto wote wawili wakapelekwa mjini wakapona.

Mama Mkamba aliondoka kabla ya mvua za masika, akarudi kwao. Hakuniaga, na sikutarajia aniage.

Utafiti ulipokwisha daktari aliniletea nakala ya ripoti yake. Niliisoma kitandani kwangu nyuma ya duka, nikitafuta. Watoto walikuwa namba. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba mtoto mmoja aliondolewa kwenye hesabu kwa kuwa haikuthibitika kwamba alipewa dawa. Huyo alikuwa yeye. Nilijua namba yake.

Baada ya hapo nilihamishiwa maabara ya hospitali huku juu, nikastaafu nikiwa huku. Sikuolewa. Miaka mingi ilipita kabla serikali haijaiacha klorokwini kabisa. Tangazo nililisikia redioni mchana mmoja nikiambua maharagwe peke yangu. Nikazima redio, nikatoka nje nikitaka kumwambia mtu. Jirani yangu alikuwa akipalilia upande wa pili wa ua. Nikamwambia kwamba wameiondoa klorokwini.

“Afadhali,” akasema, bila kuinua mgongo. “Ile ilikuwa inaniwasha mwili mzima.”

Nikarudi ndani kumaliza maharagwe.